Namna ya kufuatilia kivumishi -pya katika magazeti ya Kiswahili ya 1945–1964: mwongozo kamili kwa aliye Nairobi

Wanafunzi wa Kiswahili na wa uanahabari hupewa kazi hii mara kwa mara: chukua kivumishi kimoja cha kawaida, kifuate katika magazeti ya katikati ya karne iliyopita, kisha ueleze kilivyotumika. Wengi huchagua -pya, na wengi hukwama mahali pale pale. Wanahesabu neno "mpya" kwenye vichwa vya habari, wanachora grafu inayopanda kuelekea 1963, halafu wanaandika kwamba uhuru ulileta lugha ya upya. Msimamizi anauliza swali moja tu, "Na jipya, kipya, vipya, mapya je?" Kazi inarudishwa.

Uvivu si tatizo hapa. Kivumishi cha Kiswahili hakikai na sura moja, karatasi za zamani hazisomeki vyema na kompyuta, na -pya yenyewe ina kazi zaidi ya moja. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili, ni afadhali uache zote.

Sentensi na hesabu za mifano humu nimezitunga ili kuonyesha jambo. Usizinukuu kana kwamba zimetoka gazetini.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kitambulisho, pamoja na pesa kidogo za ada na nakala. Ada hubadilika, kwa hiyo uliza mapokezi siku hiyo hiyo. Kama utafiti ni wa shahada, ulizia chuoni kibali cha utafiti cha NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) kabla ya kwenda.
- Penseli na daftari. Wino na magazeti ya miaka sabini havipatani.
- Simu yenye kamera nzuri, chaji na nafasi ya kutosha.
- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc.
- Programu mbili za bure: Tesseract, inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi na inayokijua Kiswahili, na AntConc, inayotafuta neno na kulionyesha likiwa katikati ya maneno jirani yake.
- Kamusi ya enzi hizo, kama ile ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka 1939 chini ya Frederick Johnson. Kamusi ya leo itakupa maana za leo.
- Karatasi moja ya tarehe kubwa. Za kuanzia: Nairobi kuwa jiji, Machi 1950, Hali ya Hatari, 20 Oktoba 1952, Katiba ya Lyttelton, 1954, uchaguzi wa kwanza wa wabunge Waafrika, Machi 1957, uwanja wa ndege wa Embakasi, 1958, Madaraka, 1 Juni 1963, Uhuru, 12 Desemba 1963, Jamhuri, 12 Desemba 1964.

Karatasi hiyo ya tarehe utaiona haina maana mwanzoni. Iweke. Hatua ya tano na ya tisa zitaidai.

## Hatua ya 1: Chagua gazeti moja liwe uti wa mgongo

Kwa kipindi hiki gazeti la Nairobi linalofaa zaidi ni Baraza, gazeti la wiki lililoanzishwa 1939 na kampuni ya East African Standard. Linakatiza kipindi chako chote. Taifa lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kama gazeti la wiki, na kufikia 1960 likawa Taifa Leo la kila siku. Linafaa kulinganishwa na Baraza katika miaka ya mwisho, lakini halikupi miaka ya 1940.

Mambo Leo, la serikali ya Tanganyika, lilikuwa jarida la kila mwezi kutoka Dar es Salaam tangu 1923. Lisome kando kama unataka kuona mtindo wa nchi nyingine. Usilimwage kwenye hesabu moja na Baraza, kwa sababu nchi ni nyingine, mwenye gazeti ni mwingine na lina mwendo wake.

Pa kuanzia ni Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, jengo lililokuwa la National Bank of India, mkabala na steji ya Ambassadeur. Ukitoka hapo, nenda Maktaba ya McMillan, Banda Street, yenye simba wawili mlangoni, kisha maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kila mahali omba kwanza kuona katalogi, kwa maana mfululizo wa matoleo una mapengo, na pengo la nyumba moja mara nyingine huzibwa na nyumba ya pili.

Sasa chagua matoleo. Kusoma yote ni ndoto. Chukua toleo la wiki ya tatu ya Februari, Mei, Agosti na Novemba kila mwaka. Miaka 20 mara matoleo 4 ni matoleo 80, kazi inayobebeka na mtu mmoja.

Kwa nini si Januari wala Desemba? Januari imejaa "Mwaka Mpya". Desemba ina Krismasi, na tangu 1963 ina sherehe za tarehe 12. Miezi hiyo miwili ingekupa kilele ambacho hakihusiani na swali lako.

Kwa gazeti la kila siku tunga wiki ya bandia: Jumatatu ya wiki hii, Jumanne ya wiki inayofuata, Jumatano ya ile ya tatu, na kuendelea. Ukichukua siku saba mfululizo, habari moja kubwa itameza wiki nzima.

Onyo: toleo likikosekana, chukua la wiki inayofuata na uandike hivyo. Usichague toleo kwa kuwa ukurasa wake wa kwanza umekuvutia.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ya tarehe 80, na mbele ya kila moja neno moja: lipo, halipo au limechanika.

## Hatua ya 2: Andika sura zote za -pya kabla ya kufungua gazeti

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Kaa chini, andika:

- mpya: A-WA umoja (mwalimu mpya), U-I umoja (mkutano mpya), U-ZI umoja na wingi (ukuta mpya, kuta mpya), I-ZI umoja na wingi (shule mpya), na ngeli nyingine zenye upatanisho kama huo
- wapya: walimu wapya
- mipya: mikutano mipya
- jipya, mapya: jengo jipya, majengo mapya
- kipya, vipya: kiwanda kipya, viwanda vipya
- papya: mahali papya
- kupya: nadra sana, lakini iwepo

Sura tisa. Tazama mzigo uliobebwa na ya kwanza peke yake. "Mpya" inahudumia karibu nusu ya ngeli za lugha, na haikuambii kama kitu ni kimoja au ni vingi. "Sheria mpya" ni ngapi? Huwezi kujua mpaka uone kitenzi.

Mtego uliowanasa waliokutangulia uko hapa. Maneno ya utawala na siasa, hasa yaliyotoka lugha za kigeni, yamerundikana kwenye I-ZI: sheria, katiba, kodi, serikali, shule, hospitali, bajeti. Gazeti likianza kuandika zaidi juu ya katiba na serikali, "mpya" itaongezeka hata kama waandishi hawajaongeza hamu yao ya kuita vitu vipya. Kilichoongezeka ni nomino za I-ZI. Grafu ya "mpya" peke yake inaweza kuwa grafu ya ngeli, na mwenye grafu hana habari.

Kwa hiyo unahesabu shina. Katika AntConc andika *pya kwenye kisanduku cha kutafutia na utapata sura zote pamoja, maana maneno mengine ya Kiswahili yanayoishia hivyo ni machache mno. Ukipenda ukali zaidi, washa utafutaji wa ruwaza na uandike \b(m|wa|mi|ji|ma|ki|vi|pa|ku)pya\b.

Yafuatayo yawekee safu zake, usiyatupe wala usiyachanganye:

Upya. "Kujengwa upya", "kuanza upya" ni kielezi. Hakisifu nomino.

Jipya na mapya yanayosimama peke yake. "Hakuna jipya", "kuna mapya gani?" Kivumishi kimekalia kiti cha nomino.

Upatanisho uliovunjika. "Kitu mpya", "viti mpya", "mambo mpya". Hiki ni Kiswahili cha bara, na unaweza kukikuta kwenye barua za wasomaji na matangazo ya biashara. Kama umelelewa Nairobi hutashtuka. Usikisahihishe. Kiandike kilivyo, na nomino yake kando, kwa sababu pale ndipo utaona mkono wa mhariri umefika wapi na haukufika wapi.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi ya sura tisa na safu tatu za pembeni, na unaweza kumweleza mwenzako kwa nini "upya" haimo.

## Hatua ya 3: Piga picha ukurasa mzima kwanza

Omba ruhusa. Piga ukurasa mzima, kisha kila safu peke yake kwa karibu. Ukurasa mzima unakuonyesha kama sentensi ilikuwa ndani ya habari au ndani ya kisanduku cha tangazo, jambo ambalo picha ya safu pekee inalificha.

Zima mwako wa kamera. Mwanga wa dirishani ukitokea upande mmoja unatosha, na karatasi haing'ai. Kwenye maikrofilamu, piga skrini ukiwa umesimama sawa nayo, na upumzishe macho kila baada ya muda. Mashine hizo huleta kizunguzungu, hasa ukizigeuza upesi huku hujala.

Lipe faili jina hapo hapo: BRZ-1954-05-w3-uk02. Ukisema utapanga jioni, jioni hutakumbuka ukurasa upi ulikuwa wa mwaka gani.

## Hatua ya 4: Geuza picha kuwa maandishi, halafu usiyaamini

Kata picha safu kwa safu kabla ya kuipa Tesseract. Ukiipa ukurasa mzima wenye safu nyingi, inaweza kusoma mstari wa safu ya kwanza ukaungana na wa safu ya pili, na utapata Gavana anauza sabuni.

Kisha tafuta makosa yanayoihusu -pya moja kwa moja. Wino uliofifia hugeuza y kuwa v, hivyo tafuta "mpva", "jipva", "kipva". Tumbo la p likikatika husomwa n au r, hivyo pitia "mnya" na "vinya" pia. Na kwa kuwa safu za magazeti ni nyembamba, mpanga chapa hukata neno mwisho wa mstari: "ji-" juu, "pya" chini. AntConc haitaliona kama jipya. Unganisha maneno yote yaliyokatwa kwa kistari kabla ya kutafuta.

Halafu ijaribu mashine. Chagua kurasa kumi kutoka miaka tofauti, zisome kwa macho, hesabu kila -pya kwa penseli, linganisha. Ikiwa mashine imepata chini ya tisa katika kila kumi, rudi ukasafishe. Angalia pia kama inakosea zaidi kwenye miaka fulani. Karatasi ya mwaka mmoja ikiwa mbovu kuliko ya mwaka mwingine, utadhani -pya ilipungua kumbe ni wino.

Huna kompyuta? Soma kwa macho, lakini punguza eneo: ukurasa wa kwanza na tahariri tu, matoleo yote 80. Na useme hivyo kwenye ripoti.

Utajua umefaulu ukiwa na faili moja safi kwa kila toleo, na idadi ya maneno ya kila faili imeandikwa. Idadi hiyo utaihitaji kwenye hatua ya nane.

## Hatua ya 5: Mtafute mwenye kivumishi

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huporomoka. Kivumishi hakikwambii lolote mpaka ujue kinasifu nini, na katika Kiswahili kinaweza kukaa mbali na nomino yake.

Chukua kichwa hiki: "Uwanja wa ndege mpya kufunguliwa Embakasi." Kipya ni nini, uwanja au ndege? Uwanja unachukua mpya. Ndege nayo inachukua mpya. Sarufi imenyamaza. Ukiwa na karatasi yako ya tarehe unajua uwanja wa Embakasi ulifunguliwa 1958, basi unaandika uwanja. Lakini kama mwandishi angetumia "kiwanja cha ndege kipya", herufi ki peke yake ingemaliza ubishi.

Huo ni mfano mwepesi. "Bei ya kahawa mpya": bei imebadilika au ni kahawa ya msimu huu? "Sheria ya kodi mpya": sheria au kodi? Na ukikutana na "shule za serikali mpya" katika toleo la 1963, tofauti kati ya shule mpya na serikali mpya ni tofauti ya kisiasa kabisa. Ukikisia, umeingiza msimamo wako kwenye data.

Tumia vipimo hivi kwa zamu:

1. Kama nomino mbili zinachukua sura tofauti za -pya, upatanisho unaamua. "Chama cha wafanyakazi kipya" ni chama. "Chama cha wafanyakazi wapya" ni wafanyakazi.
2. Kama zinachukua sura moja, soma aya yote. Je, mbele mwandishi anasema "uwanja huo" au "ndege hizo"? Anaendelea kuzungumzia nini? Ni dalili tu, ila mara nyingi inatosha.
3. Ikishindikana, andika alama ya kuuliza. Iache kwenye jumla ya -pya, iondoe kwenye jedwali la nomino.

Orodha nazo zina ujanja wake. "Shule, zahanati na barabara mpya" inaweza kumaanisha barabara tu, au zote tatu. Katika "shule, zahanati na visima vipya", vi- imefuata visima kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu, lakini huenda mwandishi alikusudia zote. Hesabu kivumishi kimoja, andika nomino zote, tia alama ya orodha.

Jedwali lako liwe na safu hizi: tarehe, ukurasa, aina ya maandishi, sura ya -pya, nomino, ngeli, kazi, anayesema, sentensi nzima. Usikubali kuacha sentensi nzima kwa kuokoa muda. Ukibadili uamuzi baadaye, utairudia sentensi hapo hapo ulipo badala ya kupanda matatu kurudi mjini kutafuta ukurasa.

## Hatua ya 6: Tenganisha kazi za neno

Njia ya haraka ni kuuliza kinyume chake ni kipi.

Kama kinyume ni "aliyetangulia" au "ya awali", -pya ina kazi ya kurithi nafasi. Gavana mpya wa 1952 ni Baring kwa kuwa Mitchell ameondoka.

Kama huwezi kupata kinyume kwa sababu kitu hakikuwepo, ina kazi ya kuanzisha. Jaribu kuweka "cha kwanza" mahali pake. Sentensi ikisimama, umepata.

Kama kinyume ni -kuukuu au chakavu, ni kutotumika. Baiskeli mpya, suruali mpya. Aina hii itafute kwenye matangazo ya biashara.

Kama kinyume ni "kama kawaida" au "ile ile", ni kugeuka: nguvu mpya, maisha mapya, sura mpya.

Vilivyoganda kama Mwaka Mpya na Agano Jipya havina kazi hata moja kati ya hizo. Viwekee safu yao.

Patakuwa na mzozo. "Taifa jipya" baada ya Desemba 1963 ni kuanzisha au kugeuka? Mimi naliweka kwenye kuanzisha, kwa kuwa sioni mwandishi wa wakati huo akiweka "taifa la zamani" upande wa pili. Anayepinga ana hoja: watu walikuwepo, mipaka ilikuwepo, kilichobadilika ni mwenye mamlaka. Vyovyote utakavyoamua, andika kanuni yako na uifuate toka toleo la kwanza hadi la 80.

Jaribio: mpe mwenzako sentensi hamsini na kanuni zako, bila majibu. Mkitofautiana katika zaidi ya moja kwa kila kumi, kanuni hazieleweki. Zirekebishe, kisha urudie jedwali lote.

## Hatua ya 7: Andika ni nani anayeita kitu kipya

Gazeti halina sauti moja. Tenga habari, tahariri, barua za wasomaji, matangazo ya Serikali, matangazo ya biashara na mashairi.

Kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari, zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi. Ukikutana na "kijiji kipya" katika maandishi ya miaka hiyo, tangazo la Serikali linaweza kukiita kipya kama habari ya maendeleo. Mtu aliyechomewa nyumba yake akikiita kipya, kwa sarufi ni neno lile lile na ngeli ile ile. Jedwali lisilo na safu ya msemaji litawahesabu hao wawili kama kitu kimoja, na hapo utakuwa umeandika uongo kwa takwimu safi.

Kwa habari za kutoka nje na za Serikali, fungua pia East African Standard la wiki hiyo. Kwa kuwa nyumba iliyochapa Baraza ni hiyo hiyo, habari moja inaweza kuwa kwenye magazeti yote mawili. Kama kivumishi kipo kwenye habari ya Kiingereza, tia alama. Kama mwandishi wa Kiswahili amekiongeza mwenyewe, tia alama nyingine. Ni kazi ya kuchosha, na unaweza kuifanya kwa matoleo kumi tu. Hata hayo kumi yatakuonyesha ni -pya zipi zilizaliwa Baraza.

Mashairi yaondoe kwenye hesabu kuu. "Mpya" ni mizani miwili, sawa na "jipya" na "vipya", na malenga anayetafuta mizani minane na kina cha -pya atachagua nomino kwa ajili ya kivumishi. Yafurahie, kisha yaweke kando.

## Hatua ya 8: Hesabu kwa kiwango

Hesabu ghafi haisemi kitu, kwa sababu gazeti huongeza na kupunguza kurasa. Tumia kiwango kwa maneno 10,000: idadi ya -pya, gawanya kwa maneno yote, zidisha kwa 10,000.

Tuseme matoleo manne ya mwaka mmoja yana maneno 48,000 na -pya 72. Hicho ni kiwango cha 15. Mwaka mwingine yana maneno 60,000 na -pya 84. Hicho ni 14. Kwa hesabu ghafi -pya imeongezeka kwa 12, lakini kwa kiwango imeshuka. Na kwa sampuli ndogo hivi, 15 na 14 usizitangaze kuwa tofauti. Sema zinakaribiana, uendelee.

Tangazo moja la biashara likirudi wiki baada ya wiki litavimbisha hesabu. Amua mapema: linahesabiwa mara moja tu, au mara moja kwa kila toleo la sampuli. Bora zaidi, toa kiwango cha habari na cha matangazo, kila kimoja peke yake.

Sasa ufumbuzi wa mtego wa hatua ya pili. Chagua nomino tano au sita zinazojitokeza miaka yote, mathalani sheria, shule, kodi, chama, kiwanda na barabara. Kwa kila moja hesabu mara ilizotajwa zote, kisha mara ilizotajwa ikiwa na -pya. Kama "sheria" imetajwa mara 40 na 6 kati yake ni "sheria mpya", hiyo ni asilimia 15. Kipimo hiki hakibabaishwi na ngeli, maana nomino ni ile ile. Kikipanda, hapo ndipo una haki ya kusema waandishi waliita sheria mpya mara nyingi zaidi kuliko awali.

Onyo: nomino iliyotajwa chini ya mara ishirini katika mwaka, usiitolee asilimia. Unganisha miaka mitano mitano.

## Hatua ya 9: Pima kitu kinabaki "kipya" kwa muda gani

Kama ningekuwa msimamizi wako, ningefungua sehemu hii kwanza.

Chagua matukio yenye tarehe za hakika: Gavana Baring kuingia 1952, Katiba ya Lyttelton 1954, Embakasi 1958, Gavana Renison kuingia 1959, Gavana MacDonald kuingia Januari 1963, Jamhuri Desemba 1964. Hapa acha sampuli yako ya matoleo 80. Soma matoleo mfululizo kuanzia wiki ya tukio na uandike toleo la mwisho ambalo kitu hicho bado kinaitwa kipya. Data hizi zikae faili lake, zisiingie kwenye viwango vya hatua ya nane. Kwa Jamhuri itakubidi uvuke mpaka wa 1964. Vuka, ila useme.

Kwa magavana utafuata ngazi: "Gavana mpya, Sir Patrick Renison", baadaye "Gavana, Sir Patrick Renison", hatimaye "Gavana" tu. Andika tarehe ya kila ngazi. Kwa katiba fuata vivyo hivyo: "katiba mpya", kisha "Katiba ya Lyttelton", kisha "katiba ya sasa". Siku inayopata jina la mtu ndiyo siku inayoanza kuzeeka, au angalau hivyo ndivyo ningetarajia. Jedwali lako linaweza kunikatalia.

Onyo: kimya si uzee. Gazeti likiacha kuitaja katiba kwa wiki sita, hujui kama bado wangeiita mpya. Hesabu matoleo yaliyoitaja tu, na uandike mangapi hayakuitaja.

Utajua umefaulu ukiwa na mstari mmoja kwa kila tukio: tarehe ya tukio, toleo la mwisho lenye -pya, matoleo yaliyotaja kitu hicho bila -pya, na sentensi mbili zilizonukuliwa kamili na namba za kurasa, moja ya mwanzo na moja ya mwisho. Sentensi hizo zipigie picha upya ukiwa bado mjini. Ndizo msimamizi atakazotaka kuziona kwa macho yake.